Pesa Zilizotoka Tukiwa Matangani

Msichana wa kaunta alitazama kompyuta yake, akanitazama mimi, kisha akairudia kompyuta. Akaniuliza kwa sauti ya chini kama sina akaunti nyingine. Nikamwambia akaunti ni hiyohiyo, na tafadhali aharakishe, kwa sababu hundi ninayoitaka inatakiwa kwa wakili Bungoma siku ya Jumatano. Akanigeuzia kioo nijionee. Elfu kumi na moja na senti kadhaa. Haki ya Mungu, nilicheka. Nilidhani amefungua akaunti ya mtu mwingine, maskini wa watu, na nikamwonea huruma huyo mtu.

Alhamisi, kabla sijaondoka Kitale kwenda matanga, akaunti hiyo ilikuwa na karibu laki nne.

Mimi nikikasirika sauti yangu husikika hadi stendi, na siku hiyo ilisikika. Nilitaka kujua ni nani amenitolea pesa, ni mfanyakazi gani wao, na meneja yuko wapi. Askari wa mlangoni akasogea karibu na mimi, si kwa ubaya, ila nisije nikampandia mtu juu ya kaunta. Wakanichapia karatasi ya matumizi. Mistari imeshuka kutoka juu mpaka chini, kiasi kilekile, na jina lilelile la kampuni ya ng'ambo. Nilipolisoma jina hilo mara ya pili nilikwenda kukaa kwenye viti vya wanaosubiri mikopo.

Nililijua jina hilo. Ni sisi tuliowapa kadi.

Wacha nieleze vizuri, usije ukanihukumu kabla ya saa. Mimi na shemeji yangu, mume wa dada yangu mdogo, tunatengeneza programu za kompyuta. Tuna chumba kimoja juu ya duka la mbegu hapo Kitale. Mteja wetu mkubwa ni ghala moja la mahindi kule nyumbani, mahali panapoitwa Kwanza. Mkulima akileta magunia, mizani ya ghala inatuma uzito moja kwa moja kwenye mfumo wetu, naye anapata ujumbe kwenye simu kabla hajafuta jasho. Kazi ndogo, lakini inatulisha.

Tangu mwaka jana tulianza kutumia ejenti. Ejenti ni programu ya akili bandia ambayo huipi swali, unaipa kazi. Unaiambia, nitengenezee hiki, nayo inaandika, inajaribu, inakosea, inarekebisha, wewe umekaa unakunywa chai. Sisi tulikuwa nazo nne, tumezikodi kwa kampuni ile ya ng'ambo. Ya kwanza iliandika, ya pili ilijaribu kilichoandikwa, ya tatu ilikagua makosa, na ya nne ilisimama juu ya wenzake kama nyapara. Shemeji aliziita vibarua. Nikiingia asubuhi namuuliza vibarua wameamkaje, ananiambia wamelima mpaka mtoni. Nami namwambia angalau amepata wafanyakazi wanaoweza kumvumilia, maana binadamu wamemshinda.

Na kweli walikuwa vibarua wazuri. Hawakuomba nauli, hawakufiwa, hawakuja Jumatatu wakinuka. Lakini walilipwa, na malipo yao si ya siku. Wanalipwa kwa kila neno wanalosoma na kila neno wanaloandika. Hilo tulilijua. Tulilisoma tulipojiandikisha, tukaona ni senti kwa maelfu ya maneno, tukaulizana ni nani huhesabu senti. Ukurasa wa kuonyesha kila kibarua amekula kiasi gani ulikuwepo. Hatukuwahi kuufungua.

Sasa kadi. Wiki ile ya matanga kampuni iliikataa ghafla kadi ya shemeji iliyokuwa ikilipa tangu mwanzo, sijui kwa nini mpaka leo. Kadi iliyokubaliwa ilikuwa yangu, na akaunti iliyokuwa nyuma yake ilikuwa na pesa ya shamba la mama.

Mama yangu amekuwa mpangaji Kwanza tangu nikiwa sijaota meno. Nyumba yake, jiko lake, migomba yake, vyote viko juu ya udongo wa mtu. Mwenye udongo ni mzee mmoja aliyestaafu serikalini, anaishi Bungoma, na kila msimu mama humpelekea kodi pamoja na kuku, na kuku huyo hakuna aliyemwomba. Mwaka huu mzee akaamua kuuza, na kwa heshima akamwambia mama kwanza. Robo eka, ile yenye nyumba. Mama aliuza ndama wake, mimi na dada yangu tukajazia. Hakuwa anataka shamba la kulima mahindi ya biashara. Alituambia waziwazi kwamba hataki kufa mpangaji, ati hataki sisi tuje kuomba ruhusa ya mtu pa kumzika.

Akaunti ilikuwa ya majina mawili, langu na lake. Jumbe za benki zilienda kwenye simu yake peke yake, kwa sababu alitaka kila shilingi ikiingia au ikitoka simu yake ilie. Nilimwomba ruhusa kabla ya kuitoa kadi. Nilimwambia ni ya kazi ya shemeji, kwa siku chache, mpaka ghala litulipe, na tutarudisha yote. Akaniuliza kitu kimoja tu, kama kweli ni kazi ya mkwe wake. Nikasema ndiyo. Akasema basi nimpe.

Hapa inabidi niseme neno juu ya ukwe, kwa wasiokuwa wa kwetu. Kwetu mwanamume na mama mkwe wake hawazoeani. Hawapeani mkono, hawali meza moja, yeye haingii jikoni kwa mama na mama halitaji jina lake. Mama akiwa na neno la kumwambia, ananipa mimi au dada yangu tulipeleke, hata kama mwenyewe amesimama hapo hapo mlangoni na masikio yake yote. "Mwambie mkwe wangu karibu," nami namgeukia shemeji namwambia karibu. Vijana wa siku hizi hucheka, bana, lakini wakioa wanafanya vilevile. Ni heshima, na shemeji yangu ameishika kuliko wengi.

Wiki hiyo senge yake, dada ya baba yake, alifariki huko Matulo. Ndiye aliyemlea tangu akiwa mdogo, kwa hivyo mazishi yalikuwa juu yake. Alhamisi tukafunga ofisi. Kabla ya kuondoka tuliwapa vibarua kazi ya kufanya tukiwa hatupo: watengeneze upya sehemu inayopokea uzito, na waijaribu na mizani yenyewe ya ghala, si ya kuigiza.

Kampuni ile ina mahali pa kuandika kikomo, kwamba pesa zikifika hapa kazi isimame. Tulipaacha wazi, na si kwa kusahau. Tulipajadili. Sisi ni watu wa vitu kukatika. Stima inakatika, netiweki inakatika, maji yanakatika ukiwa na sabuni machoni. Ni kazi ngapi tumewahi kupoteza kwa sababu kitu kilisimama katikati? Kwa hivyo shemeji akaiweka kadi ijaze yenyewe kila salio letu kwao linaposhuka, nami kwa mikono yangu hii nikawaandikia vibarua maagizo: mkikosa majibu, jaribuni tena, msiache mpaka ikubali. Ndivyo tunavyoishi na netiweki ya huku. Unabonyeza, inakataa, unabonyeza tena. Nilijiona mjanja sana.

Jioni hiyohiyo mwenye kutunza ghala kule Kwanza aliona mawingu meusi. Mvua ya Trans-Nzoia huja na radi, na radi iliwahi kuwachomea mizani moja. Akachomoa kila kitu ukutani, mizani ikiwemo, akafunga ghala mpaka Jumatatu. Alifanya jambo la maana kabisa. Hakuna aliyemwambia kwamba kuna vibarua ng'ambo watakaokuwa wanaongea na ile mizani.

Basi vibarua wakauliza mizani uzito. Kimya. Yule wa kujaribu akasema programu ina kasoro. Yule wa kuandika akaandika upya. Mkaguzi akasoma kazi yote kutoka mwanzo hadi mwisho, nyapara naye akasoma kila kitu walichosema wote watatu, akaamuru wajaribu tena. Kimya. Wakaanza upya. Hizi programu hazikumbuki kama wewe na mimi tunavyokumbuka. Kila zikianza hatua mpya zinasoma yote tena tangu neno la kwanza, na kila neno linalipiwa. Ni kama fundi ambaye kabla ya kila msumari anarudi mjini kununua nyundo.

Sisi tulikuwa Matulo tunaimba nyimbo za mazishi. Shemeji alizima data ili chaji ya simu imtoshe kupigiwa na watu wa hema na watu wa maiti. Kampuni ilituma maonyo, sikatai, lakini yalienda kwenye anwani ya barua pepe tuliyoifungua kwa ajili ya usajili na ambayo hakuna mtu huisoma.

Kutoka benki Jumatatu hiyo nilipanda ngazi za ofisi bila kuhema. Shemeji alikuwa ameshafika, amenyolewa kichwa kizima kwa ajili ya msiba, anakula mandazi. Nikamtupia karatasi juu ya mandazi yake. Alidhani natania, mpaka alipolisoma lile jina la kampuni. Akafungua ule ukurasa wa gharama kwa mara ya kwanza tangu tuanze. Kulikuwa na mchoro. Miezi yote ya nyuma mstari umelala chini kama nyoka aliyeshiba, halafu kuanzia Alhamisi umesimama wima. Chini yake wamepangwa vibarua mmoja mmoja na alichokula. Aliyekula zaidi ni nyapara, ambaye hakuandika hata mstari mmoja wa programu. Hata kwa mashine nyapara ndiye anayekula zaidi, jameni.

Halafu ile namba ya jumla ikabadilika tukiitazama. Ikapanda. Tulikaa kidogo bila kuelewa, kisha ikapanda tena, na hapo ndipo tulipojua kwamba bado wanafanya kazi. Shemeji akachomoa kompyuta yake ukutani. Nikamwambia hawako humo, wako ng'ambo, azime huko. Hakuwa anajua pa kuzimia. Hatukuwahi kuwazima, si walikuwa wakimaliza wanatulia wenyewe? Alitafuta akibonyeza kila mahali, na mimi nimemsimamia mgongoni namtukana yeye, na kampuni, na aliyevumbua umeme. Mwishowe akaifuta kadi, namba ikatulia. Alikaa na mikono kichwani, juu ya upara ule mpya.

Nikasema angalau tuone kazi iliyofanywa. Labda wametengeneza kitu cha ajabu, tutakiuza. Tukafungua. Walikuwa wameandika upya sehemu ile hata sijui mara ngapi, wakaifuta, wakaiandika, na ya mwisho ilikuwa sawasawa na ile tuliyowaachia. Neno kwa neno. Haikuwa na kosa tangu mwanzo. Kibaya zaidi, tulikuta kwamba Alhamisi jioni, kazi haijaenda mbali, yule kibarua wa kujaribu alikuwa ameandika kwamba huenda mizani imezimwa, tafadhali mtu akaangalie. Alikuwa amepata jibu. Kisha nyapara akamkumbusha maagizo yangu, kwamba wasiache mpaka ikubali, naye akatii. Niliyasoma maneno yangu mwenyewe pale kwenye kioo, herufi kwa herufi.

Tuliiandikia kampuni kuomba turudishiwe. Jibu lilikuja kabla sijaketi. Lilikuwa na adabu kuliko kasisi. Lilinipa pole mara mbili, likasema linaelewa jinsi ninavyojisikia, kisha likaeleza kwamba matumizi yote yalikuwa halali kulingana na mipangilio yetu. Chini kabisa limeandikwa kwamba ujumbe huo umetayarishwa na ejenti. Shemeji alilisoma akatoka nje akasimama kwenye ngazi muda mrefu.

Alitaka kuuza pikipiki yake. Alitaka kukopa kwenye chama cha kukopeshana, kwa dada yangu, kwa yeyote. Kwa siku mbili hizo hata tukiuza pikipiki na wenye pikipiki hatungefika. Nikamwambia kwanza mama ajue, halafu tumpigie mzee wa Bungoma tumwombe atuvutie wiki chache. Hilo ndilo lilikuwa tumaini letu. Tukapanda hiyohiyo pikipiki hadi Kwanza.

Tulimkuta mama nje ya jiko anachambua mboga za kunde. Shemeji aliegesha mbali, karibu na ua, akavua kofia, akasimama akiangalia upande wa barabara. Mama hakugeuka. Aliniambia nimpelekee mkwe wake kigoda, nikampelekea. Akaniambia nimpe pole za msiba tena, nikampa. Halafu nikapiga magoti mbele ya ungo wake nikaanza hotuba niliyoipanga njiani, kwamba mama, kuna jambo limetokea kuhusu akaunti.

"Niliona," akasema.

Akatoa simu kifuani akanionyesha. Jumbe za benki, moja juu ya nyingine, na hakuna hata moja iliyofutwa.

"Ililia Alhamisi jioni. Ya kwanza nikasema, hiyo ni ya mochari. Ikalia tena, nikasema, hilo ni sanduku. Ikalia, nikasema, hema na viti. Halafu chakula ya watu. Mtu anazika yule alimlea, utamuuliza anatumia pesa ya nani?"

Nilimuuliza kwa nini hakuniambia. Nilikuwa naye Matulo siku nzima ya Jumamosi, nilimletea hata maji ya kunawa. Aliendelea kuchambua.

"Ningekuambia nini? Ati mkwe wangu anazika na shamba yangu? Hiyo maneno inatokaje kwa mdomo?"

Nikaanza kusema haraka haraka kwamba tutampigia mzee wa Bungoma, tutamwomba muda, ni mtu muungwana. Mama akatikisa kichwa. Mzee alishapigiwa, akasema, na ni mama mwenyewe aliyempigia, Jumamosi akitoka mazishini. Kulikuwa na mnunuzi mwingine anayengoja na pesa mkononi, na haikuwa haki kumkosesha mzee wa watu biashara. Alimwambia auze. Mnunuzi alilipa jana baada ya kanisa, na amekubali mama avune kwanza kabla ya kuhama.

Nilikaa chini kwenye vumbi na nguo zangu za benki.

Na mama hakuwa na uchungu, hilo ndilo lililoniua. Alinisimulia yale mazishi kana kwamba sikuwepo. Watu walikuwa wengi. Walikula wakasaza, wakafungiwa na vya kubeba. Yeye aliwekwa kwenye hema la wakwe, akaletewa sahani kabla ya wengine, na alipokuwa anakula alijua moyoni kwamba na yeye amemzika yule mama. Alisema shamba ni kitu kizuri, lakini hajawahi kuona mkwe akimzika mtu wake vizuri namna ile. Alisema haya akijua kabisa kwamba shemeji anasikia, na sauti yake ilikuwa na fahari.

Nilimtazama shemeji kule kwenye ua. Alikuwa ameinama, mabega yanatikisika.

Ningeweza kunyamaza. Nilifikiria kunyamaza, sitadanganya. Lakini yeye alinyanyua kichwa akanitazama moja kwa moja, akakitikisa kukataa, nami nikaelewa kwamba hataki kubeba sifa hiyo. Kwa hivyo nikamweleza mama. Nikamwambia mazishi yalilipiwa na michango ya ukoo na akiba ya shemeji, pesa yake haikugusa hata kiti kimoja. Ililipa vibarua wa kompyuta.

Mama aliuliza ni vibarua gani, watoto wa nani. Nikasema si watu. Akauliza walilima wapi. Nikasema hawakulima, mama, walikuwa wanaiuliza mizani ya ghala uzito, na mizani ilikuwa imechomolewa. Akauliza waliiuliza siku zote hizo? Nikasema ndiyo. Nilisikia jinsi inavyosikika, nikaona aibu ya kuwa na miaka niliyo nayo.

Mikono yake iliacha kuchambua. Akageuka taratibu pale alipokaa, mwili mzima, mpaka akawa ameelekea ua. Nilingoja aseme mwambie. Hakusema.

"Kwa hivyo hiyo pesa," akamwambia mkwe wake, "haikulisha mtu hata mmoja?"

Tangu amuoe dada yangu, shemeji hajawahi kumjibu mama neno lolote bila kupitia kwa mtu. Alisimama kutoka kwenye kigoda, kofia mikononi, akamtazama usoni.

"Hapana, mama. Hata mmoja."